Uskoti Isiyokuwapo: Barua Zenu Kuhusu Riwaya ya Kasri na Wiski

Barua za safari hii karibu zote zinalalamikia riwaya moja ya mapenzi ya siku hizi. Jina lake tumeliacha makusudi, kwa kuwa makosa yake yamo katika riwaya nyingi za aina yake. Kisa kwa ufupi: binti wa Kimarekani, mwoka keki, anafika kisiwa cha Skye mwezi Juni. Anakutana na Hamish, kijana mwenye kasri, madeni na kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti. Hamish anamfukuza kwenye ardhi yake, kisha anampenda. Anaanzisha kiwanda cha wiski mwezi Machi unaofuata, Desemba chupa ziko sokoni, kasri linaokoka, na wawili hao wanafunga ndoa ndani ya wiki moja. Wasomaji walionunua kitabu kwa hamu wanajiona wamepunjwa. Tunawaelewa.

SWALI: Hivi kweli mtu anaweza kuanza kupika wiski Machi na kuiuza Desemba? Mimi si mnywaji, lakini hata mimi nilishtuka. (Mla Vitabu)

JIBU: Hawezi, na hapa ndipo hadithi nzima inapoporomoka, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kwa kanuni za mwaka 2009, kinywaji hakiruhusiwi kuitwa wiski ya Uskoti mpaka kiwe kimelala ndani ya Uskoti, katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3. Kikitiwa kwenye chupa lazima kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kabla ya miaka hiyo 3, kilichomo pipani ni pombe kali tu, na anayeiuza kwa jina la wiski anavunja sheria.

Kazi yenyewe ya kupika haichukui muda mrefu. Shayiri hulowekwa kama siku 2, ikaachwa iote kwa siku 5 hivi, kisha ikakaushwa kwa joto. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa, kikachanganywa na maji ya moto ya nyuzi 64 hivi ili wanga ugeuke sukari. Maji hayo matamu hupozwa, hutiwa hamira, na baada ya siku 2 hadi 4 huwa kama bia yenye kilevi cha asilimia 8 hivi. Hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa, mara mbili kwenye mitungi mikubwa ya shaba. Mkeneko wa kwanza hutoa kilevi cha asilimia 20 na kitu; wa pili hufika karibu 70. Hapo mpikaji hukata: kinachotangulia kutoka na kinachotoka mwisho hurudishwa kukenekwa tena, na cha katikati pekee ndicho huenda pipani. Akichelewa kukata, pombe yote hubeba harufu nzito ya mafuta ambayo hata mwaloni hauiondoi kirahisi.

Kwa hiyo kutoka nafaka hadi pipa ni wiki chache tu. Kinachommaliza mtu ni kungoja. Kila mwaka pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa kuvukiza, na Waskoti huliita fungu la malaika. Pipa la lita 200 hupoteza karibu lita 4 mwaka wa kwanza, na mwenye kiwanda hajauza hata chupa moja, huku mishahara, shayiri na riba ya benki vinadaiwa kila mwezi.

Viwanda vingi vipya hujiokoa kwa kutengeneza jini (kinywaji cha gin, si jini wa hadithi) wakati mapipa yamelala. Jini haihitaji kulazwa: ni kilevi cha nafaka kilichokolezwa kwa matunda ya mreteni na viungo vingine, na kipimo chake cha chini ni asilimia 37.5. Ikikenekwa leo, huwa chupani baada ya siku chache. Hebu fikirini riwaya ambamo yule mwoka keki, anayejua viungo kwa pua na ulimi, ndiye anayebuni jini la kulilisha kasri kwa miaka 3 wakati Hamish analinda mapipa yake. Binti angekuwa na kazi ndani ya hadithi, na wawili hao wangekuwa na sababu ya kukaa chumba kimoja kila siku. Mwandishi aliipita bahati hiyo bila kuiona.

SWALI: Wameamua kuoana Jumatatu, Jumamosi wako kanisani. Nilisikia Uskoti ni nchi ya ndoa za haraka tangu zamani. Ni kweli? (Binti wa Maktaba)

JIBU: Ilikuwa kweli zamani. Uingereza ilipokaza sheria ya ndoa mwaka 1754, vijana walivuka mpaka hadi kijiji cha Gretna Green, wakatamka mbele ya mashahidi wawili kwamba wao ni mume na mke, mara nyingi mbele ya fuawe la mhunzi, na ndoa ikawa halali. Mwaka 1856 ilitakiwa mmoja wao awe ameishi Uskoti siku 21. Tangu Julai 1940 ndoa za kutamka hivyo zimefutwa.

Leo kila mmoja hujaza fomu M10, akaipeleka kwa msajili wa eneo ndoa itakapofungwa, pamoja na cheti cha kuzaliwa, na cha talaka au kifo kama aliwahi kuoa au kuolewa. Fomu hupokelewa kuanzia miezi 3 kabla ya harusi na lazima ifike angalau siku 29 kabla. Wasajili wenyewe hushauri wiki 10 hadi 12. Kipindi hicho hufupishwa kwa sababu za pekee tu, na haraka ya mapenzi haimo. Kwa ndoa ya kidini, maharusi huchukua hati kwa msajili ndani ya siku 7 za mwisho. Bila hati hiyo mchungaji haruhusiwi kufungisha. Siku yenyewe wanahitajika mashahidi wawili waliotimiza miaka 16, na hati iliyosainiwa irudishwe kwa msajili ndani ya siku 3.

Na huyu ni Mmarekani. Mgeni aliyeingia Uingereza, yaani dola nzima ambayo Uskoti ni sehemu yake, kwa matembezi ya kawaida haruhusiwi kufunga ndoa huko, wala kutoa taarifa ya kuifunga. Anahitaji viza ya mgeni anayekuja kuoa au kuolewa. Viza hiyo nayo haimpi makazi. Akishaolewa hurudi kwao na kuomba viza ya mwenzi akiwa nje ya nchi. Shikilieni jambo hili, tutalirudia.

SWALI: Hamish anamkemea binti mlimani: "Toka kwenye ardhi yangu!" Binti anaomba radhi na kukimbia huku analia. Nilimchukia Hamish tangu hapo. Je, alikuwa na haki? (Msomaji wa Usiku)

JIBU: Hakuwa nayo. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu, baiskeli au farasi katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi kavu, awe na mwenyewe au asiwe naye, mradi atembee kwa uangalifu. Gari halimo. Wala bustani inayozunguka nyumba ya mtu, wala shamba lenye mazao yanayokua. Binti alikuwa kwenye kilima cha malisho. Mwenyeji yeyote angemwambia Hamish hivyo usoni.

Ugomvi wa kweli ulikuwa karibu sana: lango lililoachwa wazi. Mgeni asiyejua desturi ya malisho huacha lango bila kulifunga, kondoo na wanakondoo wakatawanyika barabarani, na mchungaji hupoteza siku nzima kuwakusanya. Hapo Hamish angekuwa na sababu ya kukasirika na binti angekuwa na kosa la kulipia kwa jasho. Ingekuwa siku yao ya kwanza pamoja, wakiwa kwenye matope, na msomaji asingemchukia yeyote kati yao.

SWALI: Ile sura ya usiku wa katikati ya Juni, wanapotazama mianga ya kaskazini angani, rafiki yangu anasema ni uongo. Mimi niliipenda. (Moyo Laini)

JIBU: Rafiki yako yuko sahihi, dada. Katikati ya Juni jua la Skye huzama baada ya saa 4 usiku, na anga haliwi giza kamili hata usiku wa manane. Mianga hiyo inaweza kuwapo juu, lakini haionekani kwa sababu hakuna giza la kuionyesha. Msimu wake ni kuanzia Septemba hadi Machi. Desemba ingefaa: jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama kama saa 9 na nusu alasiri.

Juni ina vitu vyake. Ina mwanga usioisha, unaomnyima mgeni usingizi. Ina visubi pia, wadudu wadogo wanaouma kwa makundi jioni upepo ukitulia. Wapenzi wanaokaa kando ya maji jioni ya Juni isiyo na upepo hawabusiani kwa muda mrefu. Na yale maua ya zambarau yanayofunika vilima katika sura ya pili huchanua Agosti na Septemba.

Sura hiyo hiyo inamtoa binti uwanja wa ndege wa Edinburgh saa 6 mchana, na saa 8 anakunywa chai Skye. Kutoka Edinburgh hadi Portree, mji mkubwa wa Skye, ni zaidi ya kilomita 350, saa 5 au zaidi za kuendesha, na ukiiacha barabara kuu huko Skye kuna njia za gari moja zenye vituo vya kupishana. Kituo kikiwa kushoto kwako unaingia. Kikiwa kulia unasimama mkabala nacho, mwenzako aingie yeye. Wageni wengi hukosea hapo.

SWALI: Hamish anazungumza kwa "dinnae ken" na kumwita binti "mo ghràdh." Ndiyo lugha ya Skye? (Mwalimu Mstaafu)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Umegusa penyewe, kwani hapa mwandishi amekoroga lugha mbili zisizo ndugu wa karibu. "Dinnae ken," yaani "sijui," ni Kiskoti, lugha iliyo jirani na Kiingereza, inayosikika zaidi nyanda za chini na mashariki. Skye ni nchi ya Kigaeli, ndugu wa Kiairishi. Chuo cha Kigaeli cha Sabhal Mòr Ostaig kiko huko huko tangu 1973. Mtu wa Skye aliyelelewa kwa Kigaeli huongea Kiingereza cha taratibu, chenye matamshi safi, na si kwa "dinnae" kila sentensi.

"Mo ghràdh" maana yake ni "mpenzi wangu," lakini Kigaeli hubadilisha neno mtu anapoitwa. Anayemwita mpenziwe husema "a ghràidh," au "m'eudail," yaani hazina yangu. Hata jina Hamish limetokana na mwito: mtu ni Seumas, akiitwa ni "a Sheumais," na masikio ya Kiingereza yakasikia Hamish. Msomaji wa Kiswahili hana taabu na sauti hizi. "Gh" ya "ghràidh" ni ile ya ghali, na "ch" ya "loch" ni kh ya kheri.

KWA UFUPI

Je, ukinunua futi moja ya ardhi Uskoti unakuwa Lord au Lady? Hapana. "Laird" ni namna ya kumtaja mwenye ardhi kubwa. Si cheo cha kikabaila. Viwanja hivyo vya ukumbusho havisajiliwi hata kwenye daftari la ardhi.

Je, Hamish angeweza kumtoa bibi mpangaji kwenye kishamba chake kwa hasira tu? Wapangaji wa mashamba madogo ya nyanda za juu na visiwani wana ulinzi wa kisheria tangu 1886, na tangu 1976 wana haki ya kuinunua ardhi hiyo. Wakazi wa kisiwa cha Eigg walifika mbali zaidi: mwaka 1997 kisiwa kizima kilinunuliwa kwa niaba yao.

Anapasua kuni akiwa amevaa kilti? Kilti kamili ni kitambaa cha sufu cha yadi 8 hivi, marinda nyuma, mbele bapa, mkanda usawa wa kitovu na pindo katikati ya goti. Ni vazi la harusi, ngoma na mahafali. Kuni hupasuliwa na suruali.

Anakunywa glasi mbili kubwa, kisha anampeleka binti nyumbani kwa gari? Tangu Desemba 2014 kikomo Uskoti ni miligramu 50 za kilevi kwa mililita 100 za damu, wakati England na Wales ni 80. Mwandishi amemfanya shujaa wake mhalifu bila kujua.

SWALI: Makosa ya nchi nayasamehe. Kilichoniuma ni mapenzi yenyewe. Wanaachana kwa sababu ya barua isiyosomwa, kurasa kumi baadaye wanarudiana. Simu hawana? (Niliyelia Bure)

JIBU: Barua yako ndiyo tuliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Kikwazo kinachoondolewa kwa simu moja hakimuumizi msomaji, hata kiandikwe kwa machozi mengi.

Kikwazo halisi kilikuwapo tangu sura ya kwanza. Mgeni wa matembezi hukaa Uingereza miezi 6 tu, wala haruhusiwi kufanya kazi, kwa hiyo hata kuoka keki za mshahara katika mgahawa wa kijiji ni marufuku. Ili mke aje kuishi huko, tangu Aprili 2024 wenzi wanaoanza kuomba viza hiyo lazima waonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, au akiba ya pauni 88,500 bila kipato. Hamish ana kasri na deni, kipato hana. Yaliyomo mapipani hayauziki kama wiski kwa miaka 3. Aprili na Mei kondoo wa mlimani wanazaa na hawezi kuondoka hata wiki moja kumfuata binti Marekani. Binti akizidisha miezi yake, anahatarisha viza zote za baadaye.

Hapo hakuna mbaya wala aliyeficha barua. Wanapendana, wanaambiana ukweli, na bado lazima aondoke. Wakirudiana, wawe wamelipa kitu: Hamish auze ardhi, au mapipa yakiwa bado machanga, au binti aende akarudi baada ya mwaka na akaunti ya jini iliyotimia. Msomaji angelia, na kilio chake kisingekuwa cha bure.

SWALI: Nitajuaje kabla ya kununua? (Mfuko Mwepesi)

JIBU: Soma kurasa za mwanzo zinazotolewa bure na utafute mambo matatu. Tazama mwezi, kisha tazama giza linaingia saa ngapi. Tazama safari ya kwanza imechukua muda gani. Tazama shujaa anaishi kwa kazi gani, na kama kazi hiyo ina saa, uchovu na bei ya kitu chochote. Mwandishi aliyeyakosea yote matatu katika kurasa ishirini hatayapatia katika mia tatu. Akikosea moja tu, endelea naye, hasa kama wahusika wake husikilizana wanapozungumza.