Mwaka wa Ziada Uwanjani Hauji na Karo Yake

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Likoni aliniandikia ujumbe mrefu, ulioandikwa kwa adabu ya watu wa Pwani, ambao huuliza hali ya nyumba nzima kabla ya kuuliza shida iliyowaleta. Mwanawe alimaliza Kidato cha Nne Novemba iliyopita, anacheza kiungo, na kocha wake wa mtaani amemshauri acheze ligi miaka miwili kwanza ili akomae, ndipo atafute chuo cha Marekani kitakachomlipia masomo kwa sababu ya soka. "Wewe mwanangu umepita njia hiyo," aliandika, "basi niambie kama miaka miwili hiyo itamjenga ama itamchelewesha." Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta saa sita za usiku bado ninaandika, kwa maana swali lake liligusa kidonda ambacho nilidhani kimeshapona.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne Novemba 2015. Mwaka wote wa 2016 nilicheza beki wa kushoto katika ligi ya chini jijini Mombasa, na 2017 nikaendelea, tena nikiwa mchezaji wa kutegemewa. Sikulipwa mshahara, nilipewa nauli na sahani ya chakula baada ya mechi, hivyo niliamini kwamba mimi ni mchezaji wa ridhaa na kwamba hakuna mtu atakayenidai chochote. Desemba 2017, katika mechi ya mwisho ya msimu, nilikanyagwa kifundo cha mguu wa kulia. Nililala kitandani wiki mbili, nikatembea kwa gongo, na tangu siku hiyo hadi Agosti 2018, nilipopanda ndege kwenda chuo kimoja cha Kati-Magharibi ya Marekani, sikugusa mpira wa mashindano hata mara moja. Nililia kwa sababu ya mguu ule, na leo ningeubusu.

Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya sehemu kubwa ya vyuo vya Marekani, vilikuwa na kanuni iliyompa mchezaji wa soka mwaka mmoja tu wa kupumua baada ya kumaliza sekondari. Mwaka huo ukipita hujajiunga na chuo, kila mwaka unaofuata ambao umecheza mashindano ya kupangwa ulikatwa katika misimu minne uliyoruhusiwa kucheza chuoni, na juu ya hayo ulikaa nje ya mechi mwaka wako wa kwanza chuoni. Mashindano ya kupangwa hayakumaanisha ligi kuu peke yake. Mechi iliyopangiwa tarehe, yenye refa, jezi au matokeo yanayoandikwa, ilitosha kuhesabiwa. Kwa maneno mengine, hata kombe la mtaa ambalo mshindi hupewa mbuzi lingeweza kukugharimu msimu mzima.

Sasa nikiri upumbavu wangu. Kabla ya kuruhusiwa kucheza, mchezaji hujisajili katika kituo cha NCAA kinachopitisha wanafunzi, na huulizwa timu zote alizochezea tangu amalize shule pamoja na tarehe zake. Nilijaza fomu ile katika saiba moja ya Mwembe Tayari, kompyuta ya dirishani, feni ikipiga kelele juu ya kichwa changu, na badala ya kujibu nilichoulizwa nilijisifu. Niliandika mechi 27 za mwaka 2017, nikaandika kwamba nilicheza dakika zote 90 katika mechi 24, nikaongeza na jina la mashindano mawili ya Ramadhani ambayo hakuna aliyeniuliza. Nilidhani ninaandika sifa. Miezi michache baadaye, ofisa wa chuo anayesimamia kanuni aliniita, akaufungua ukurasa wangu, akaweka kidole kwenye ile 27, akaniambia kwa upole kwamba msimu mmoja umeshakwenda na kwamba nitakaa nje hadi Agosti 2019. Aliuliza kama nilicheza mwaka 2018. Nikamwonyesha kovu la kifundo. Kama si kovu hilo, ningepoteza misimu miwili kati ya minne.

Simshauri mtu yeyote kudanganya katika fomu hiyo, kwa kuwa uongo ukigunduliwa hupotezi msimu bali kila kitu. Ninachoshauri ni kuzijua hesabu kabla ya kuingia uwanjani. Nilikuwa na umri wa kuzijua. Nilikuwa na simu yenye intaneti. Sikutafuta, kwa sababu kila mtu aliyenizunguka alinizungumzia kukomaa, na neno hilo lilinipendeza.

Mwaka wa kwanza wa kukaa nje ninauruka, kwa maana haukuwa na lolote la kusimulia isipokuwa baridi na mazoezi yasiyo na mechi. Mwaka 2019 nilicheza, na nilicheza vizuri. Kisha likaja korona. Agosti 2020 NCAA iliahirisha mashindano ya soka ya Divisheni ya Kwanza, msimu ukahamishiwa miezi ya mwanzo ya 2021, na wachezaji wote wa michezo ya kipindi hicho wakaambiwa kwamba mwaka huo hautahesabiwa katika misimu yao. Tulicheza mechi kumi huku theluji ikiwa imekusanywa kandokando ya uwanja, na bingwa, Marshall, alipatikana Mei badala ya Desemba, kwa kuifunga Indiana bao 1-0. Mimi niliyenyang'anywa msimu mmoja kwa sababu ya Mombasa nilirudishiwa mmoja kwa sababu ya ugonjwa. Nilimpigia mama simu usiku huo nikamwambia kwamba Mungu amenirudishia mwaka wangu. Mama, ambaye ni mwalimu na hana mchezo na hesabu, aliuliza swali moja tu: "Na karo nani atailipa?"

Swali hilo ndilo ningependa kila kijana alibandike ukutani. Ruhusa ya kucheza mwaka mwingine hutolewa na NCAA, lakini fedha hutolewa na chuo, na wawili hao hawashauriani kuhusu wewe. Nilipokuwa nikicheza, timu nzima ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya ufadhili kamili 9.9, na kocha aliugawa mkate huo kwa wachezaji wapatao 28. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata kiasi cha theluthi moja ya gharama. Wasichana walikuwa na 14, na ndiyo sababu ninawahimiza wenye mabinti wanaopiga mpira wasiwafungie nyumbani. Divisheni ya Pili iliruhusu 9 kwa wanaume na 9.9 kwa wanawake, na Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo kabisa, ingawa hutoa wa masomo. Kipo pia chama kingine, NAIA, chenye vyuo vidogo vidogo, ambacho kiliruhusu 12. Wakenya wengi hukidharau kwa kuwa hawajapata kukisikia, lakini Lawrence Olum wa Nairobi alitokea Missouri Baptist, chuo cha NAIA, akaenda hadi kuchukua ubingwa wa MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, mwaka 2013 akiwa na Sporting Kansas City.

Mimi nilikuwa na asilimia 60. Nyumbani walisherehekea kana kwamba ni mia, na sikuwasahihisha. Asilimia 40 iliyobaki, ambayo ilikuwa zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka, ilitafutwa kwa harambee katika ukumbi wa Tononoka, kwa mkopo wa sako ya walimu, na kwa gari la ami yangu, ambalo hadi leo halijarudi. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ile unayokwenda nayo ubalozini kuomba viza, mpaka uonyeshe kwamba gharama yote ya mwaka wa kwanza ina mahali inapotoka. Kwa hiyo ukisikia neno ufadhili, uliza ni asilimia ngapi, ya gharama gani, kwa muda gani. Uliza asilimia ngapi. Ninarudia kwa sababu mimi sikuuliza mpaka barua ilipofika.

Aprili 2022, nilipokuwa nakaribia kumaliza shahada ya kwanza nikiwa bado na msimu mmoja mkononi, kocha aliniita ofisini. Nilivaa shati la pasi. Nilidhani ananiita kuzungumzia unahodha. Alinisogezea karatasi iliyokuwa na namba moja tu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, 25, yaani asilimia 25 badala ya ile 60, akanyamaza. Timu ilikuwa imejaa wakongwe wa miaka 23 na 24 waliobaki kwa sababu ya mwaka wa korona. Ile nafuu ya kutowaingiza wakongwe katika hesabu ya 9.9 ilihusu waliorudi mwaka wa masomo 2021-22 tu, na mimi nilikuwa nimeangukia nje yake. Wakati huohuo, alikuwa ameshamwahidi fedha beki wa kushoto aliyehamia kutoka chuo kingine. Alisema ananipenda sana kama mtu. Sijamsamehe kwa sentensi hiyo, ingawa kwa namba nimemsamehe, kwa maana mikataba ya ufadhili wetu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja na hakuvunja neno lolote aliloliandika. Ahadi zote alizozivunja zilikuwa za mdomo, alizozitoa akiwa amenishika bega.

Nilijiandikisha katika orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, nikaandikia makocha 41, wakajibu sita. Safari hii sikumwambia yeyote kuhusu mabao. Nilimwuliza kila mmoja maswali mawili: shahada ya uzamili ni miaka miwili na mimi nina msimu mmoja tu, je, fedha zitaendelea mwaka wa pili nitakapokuwa sichezi, na je, utaniandikia? Wanne walinyamaza. Mmoja alisema tutaona. Wa sita, kocha wa chuo ambacho shangazi zangu hadi leo hawawezi kulitamka jina lake, aliniunganisha na idara ya masomo, na katika siku tisa nikapata barua mbili zilizotiwa saini, moja ya mpira na moja ya idara, zilizofunika karo ya miaka yote miwili. Nilicheza msimu wa 2022, mechi 16 na mabao matatu nikiwa beki, nikavua viatu Novemba, nikabaki darasani hadi Mei 2024 bila mtu kunidai senti. Wenzangu watatu wa timu ya kwanza waliobaki kucheza mwaka wao wa ziada waliondoka na deni na nusu ya shahada ya pili.

Kwa hiyo, wadogo zangu, msiwe watu wa kuhesabu mabao na kuacha kuhesabu miezi. Kijana anayesema anajiunga na chuo cha hapa nyumbani kwa mwaka mmoja ili asikae bure, ajue kwamba katika Divisheni ya Kwanza ile saa ya miaka mitano tuliyopewa kuchezea misimu minne ilianza kugonga siku mtu alipojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote duniani, kiwe Ohio au kiwe Nairobi. Rafiki yangu mmoja alisoma mwaka mmoja Nairobi bila kucheza hata mechi moja, akafika Marekani saa yake imeshakula miezi 12. Kuumia nako kunaweza kurudisha msimu, lakini kwa masharti: uwe umeumia katika nusu ya kwanza ya msimu, usiwe umecheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi, na daktari awe ameandika wakati huohuo. Bila karatasi za daktari, goti lako ni hadithi tu.

Na kanuni zenyewe hazitulii. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Vanderbilt, alipata amri ya mahakama ya kumruhusu kucheza mwaka mwingine kwa hoja kwamba miaka yake ya chuo cha miaka miwili isihesabiwe, na NCAA ikawalegezea wenye hali kama yake kwa mwaka mmoja. Juni 2025 mahakama ikaidhinisha suluhu iliyofuta ile 9.9 kwa vyuo vilivyojiunga nayo na kuweka badala yake kikomo cha wachezaji 28. Makala za kushangilia zilienea kwamba sasa kila mchezaji anaweza kulipiwa kamili. Anaweza, chuo kikitaka, lakini pia yule wa 29 na wa 30, ambao zamani walikaa benchi wakisubiri zamu, hawana tena nafasi, na mara nyingi wa 29 ni kijana wa miaka 18 asiyejulikana. Msijenge maisha juu ya hukumu ya jaji. Someni kanuni ya mwaka wenu, muulizeni ofisa wa chuo kwa barua pepe, muhifadhi jibu.

Mama wa Likoni nilimjibu kwamba mwaka mmoja sawa, wa pili hapana, na kwamba mitihani ya kijana ina uzito kuliko video yake, kwa maana fedha za masomo haziulizi nani amesajiliwa upande wa kushoto. Jumapili iliyopita kijana mwenyewe alinipigia. Nilimwuliza amecheza mechi ngapi tangu Desemba. Akanyamaza, nikamsikia akihesabu kwa kunong'ona.

"Sita, kaka. Na moja ya kirafiki."

"Hiyo ya kirafiki ilikuwa na refa?"

"Alikuwepo. Na jezi tulivaa."

Nikamwambia hizo zote ziko ndani ya mwaka wake wa kupumua, asiogope, ila achukue daftari aandike saba, na tarehe zake.