Marupurupu yakilipwa taslimu: ni mshahara au la?

SWALI: Natunza hesabu za mkandarasi mdogo wa ujenzi hapa Marekani. Tumepata kazi ya serikali ya shirikisho yenye kiwango cha dola 30 kwa saa, pamoja na dola 12 za marupurupu. Bosi hana mpango wa bima wala pensheni, kwa hiyo mafundi wanapewa zote 42 kwenye malipo yao ya wiki. Zile 12 niziandike wapi?

JIBU: Inategemea nani anauliza, mwenzangu.

Akiuliza mkaguzi wa Wizara ya Kazi, ni marupurupu. Sheria ya Davis-Bacon ya mwaka 1931, inayoweka kiwango cha chini cha malipo kwenye ujenzi wa serikali ya shirikisho na iliyoingiziwa marupurupu mwaka 1964, inamruhusu mkandarasi kuyalipa kwa fedha taslimu badala ya kuyapeleka kwenye mpango wa bima au pensheni. Akiuliza mtu wa kodi, ni mshahara mtupu: yanakatwa kodi ya mapato, asilimia 6.2 ya Social Security (pensheni ya serikali) na 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee), na bosi wako anatoa kiasi kama hicho cha hizo mbili za mwisho. Kama bosi analalamika kuwa taslimu inamgharimu, hapo ana hoja.

Penye mtego ni saa za ziada, zile zinazopita 40 kwa wiki. Usizidishe 42 kwa moja na nusu. Zidisha 30, upate 45, ndipo uongeze 12: dola 57 kwa saa. Ukiandika 63 umewapa mafundi zawadi, na hakuna atakayekushtaki. Ukiandika 45 peke yake, umewapunja, kwa sababu marupurupu hulipwa kwa kila saa iliyofanyiwa kazi, ya kawaida au ya ziada.

Ila usiihamishie hesabu hii kwenye kazi zisizo chini ya Davis-Bacon. Huko, fedha anayopewa mfanyakazi kwa kukataa bima ni habari nyingine. Mwaka 2016, katika kesi ya polisi wa San Gabriel, California, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kuwa fedha ya namna hiyo inaingia kwenye kiwango cha kukokotolea saa za ziada.

Kwenye karatasi ya malipo weka mistari miwili, 30 na 12. Ukiandika 42 kwa mkupuo, mkaguzi hataona ni ipi ya msingi na ipi ya marupurupu, na utakayeitwa kueleza ni wewe.