DNA haikatwi, inapindwa

Je, lazima DNA ikatwe ndipo jeni za virusi ziwake ndani ya bakteria? Hapana. Wakati mwingine kuipinda kunatosha. Tazama phi29, virusi vinavyoshambulia bakteria Bacillus subtilis, ambavyo mwanasayansi Margarita Salas na wenzake walivichambua kwa miaka mingi kule Madrid. Promota, yaani kipande cha DNA ambapo usomaji wa jeni huanzia, ya jeni zake za mwisho, zile za kuunda kichwa na mkia wa virusi, ni dhaifu: haina kipande kimoja ambacho kwa kawaida polimerasi ya RNA ya bakteria, kimeng'enya kinachosoma jeni, hukishikilia. Hapo ndipo inapoingia protini p4, mali ya virusi vyenyewe. Inashika DNA besi (herufi za DNA) 80 hivi kabla ya mahali usomaji unapoanzia, inaikunja kama kiwiko, kisha inaigusa polimerasi kwenye ncha ya kipande chake cha alfa na kuishikiza isibanduke. Usomaji unaanza. Kinachonifurahisha ni kwamba p4 hiyohiyo huzima promota za jeni za mwanzo zilizo jirani, kazi mbili kwa mkupuo mmoja.

Ila usidhani kila mpindo unawasha. Kwa lambda, virusi vingine vya bakteria, ni kinyume: protini zake ziitwazo CI zilizokaa sehemu mbili, umbali wa besi kama 2,400, hushikana na kuifanya DNA kitanzi, na jeni za kumpasua bakteria hubaki zimezimwa mpaka DNA ya bakteria iharibiwe, mathalani na miale ya urujuanimno, CI zikatike na kitanzi kifunguke.