Nyumba ya Kiponda: kwanza maji, vyumba baadae

Assalamu alaykum mwanangu,

Voisi yako nimeiskiliza vizuri na picha alizokutumia fundi nimeziona. Umenambia unataka kuitengeneza nyumba ya babu'ako hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ili mkija Desemba na watoto muwe na pa kulala, na fundi keshakupa bei: akwangue lipu yote ya zamani apige ya saruji ndani na nje, halafu kule juu atoe bati, amwage zege, asimamishe vyumba viwili vya matofali na choo chake. Ukauliza, mama unaonaje, nimtumie advansi? Usimtumie kitu bado mwanangu. Nakuandikia ndefu kwa sababu kwenye simu hatumalizi, mtandao wenyewe unakatika katika, na hili nataka ulisome taratibu, umsomee na mkeo.

Kwanza nimefurahi, wallahi nimefurahi. Wenzako wengi wakishafika huko Muscat hesabu yao ni kiwanja cha Fuoni au Tunguu, nyumba ya mjini wanasema iuzwe tu watu wagawane. Wewe unataka kuja kuishi ndani yake na wanao. Kwa hiyo usidhani nakukatisha tamaa, nataka uifanye kazi hii, ila isifanywe hivyo alivyosema huyo fundi.

Skiza, nyumba hii sio ya matofali. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene karibu nusu mita na pengine zaidi, na mule katikati ya ukuta sio jiwe zima zima, ni vijiwe na vifusi vimejaziwa vikashikwa na hiyo chokaa. Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko, ndio maana vyumba vyetu vyote vyembamba halafu virefu, kiasi cha mita tatu hivi kwa upana, kwa sababu boriti hazifiki mbali zaidi ya hapo. Sasa ukuta wa namna hii haukosi maji. Chini unayavuta kutoka ardhini, juu unapigwa na mvua, na jua likitoka yale maji yanarudi nje kupitia lipu ya chokaa kama jasho linavyotoka mwilini, kwa sababu chokaa ni laini na ina vitundu vidogo vidogo. Ukishaifunika kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na yanakuja na chumvi. Ile chumvi ikishaganda nyuma ya lipu inasukuma, lipu inatuna, inapiga nyufa, na nyufa ndio mvua inaingilia tena. Na saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, kwa hiyo siku inapobanduka haibanduki peke yake, inaondoka na nyama ya ukuta.

Nyumba ya jirani upande wa nyuma, unaijua, walipiga saruji yote mpaka juu, mwaka wa mwanzo ilipendeza kweli watu wakaisifu. Sasa ukiingia chumba cha chini unyevu umepanda mpaka juu ya dirisha, makabati wameyatoa ukutani, kila mwaka wanapaka rangi na kila masika inabambuka. Na rangi nayo usiwakubalie ile ya plastiki, inaziba vile vile, kuta hizi zinapakwa chokaa tu, ikichujuka unapaka tena, ni rahisi na inapendeza.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi pesa yako ya mwanzo iende wapi, nakwambia iende kwenye maji. Bati la juu kona ya msikitini limeliwa na kutu, gata la upande ule limekatika zamani na mvua yote inashuka na ukuta, ndio lile doa jeusi umeliona kwenye picha ukadhani ni lipu imechoka. Lipu haijachoka mwanangu, inalowa. Hata ukipiga lipu ya dhahabu pale bila ya kutia bati na gata jipya utakuwa umetupa pesa. Halafu bafu la juu. Lile alipolitia marehemu ami yako tailizi maji yanapita kwenye maungo, na chini ya tailizi kuna boriti. Boriti haiozi katikati mara nyingi, inaoza kichwa, pale inapoingia ukutani ambapo huoni, ukiitizama kwa chini unaiona nzima kabisa nyeusi nzuri kumbe kule ndani imekuwa unga. Nataka aje fundi anaejua, achukue bisibisi achome kila kichwa cha boriti chini ya bafu na chini ya lile paa bovu, tena agonge asikie sauti, na azitie alama zilizooza. Zilizo nzima zisiguswe. Zilizooza zibadilishwe moja moja, sakafu ikiwa imeegemezwa kwa magogo chini, wasizitoe zote kwa mpigo. Hili lishike sana kwa sababu zile sakafu ndizo zinazoshika kuta zisitoke nje, ukizitoa zote ukuta wa ghorofa mbili unabaki umesimama peke yake na wenyewe ni mawe na chokaa tu, unaweza kuja chini na watu wamo ndani.

Sasa zege. Tufanye hesabu pamoja, wewe ulikuwa mzuri wa hesabu. Chumba cha mita tatu kwa nne, zege la unene wa sentimita 15, hiyo ni mita za ujazo 1.8. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi. Piga mwenyewe utaona ni zaidi ya tani nne, chumba kimoja tu, na hapo bado matofali, bado choo, bado tangi la maji la lita 1000 ambalo likijaa peke yake ni tani nzima, na wewe umesema vyumba viwili. Uzito wote huo unakwenda kukaa juu ya kuta zilizokuwa zimebeba bati na mbao, msingi wake wa zamani sio wa kina, na upande mmoja ukuta unalowa miaka. Fundi anasema atatia nguzo za zege ndani ya ukuta. Kuzitia itabidi aukate ukuta kutoka juu mpaka chini, yaani aivunje nyumba ili aipe nguvu.

Beit al Ajaib unaikumbuka, mlikuwa mkipelekwa na skuli. Jumba la Sultan Barghash la 1883, jumba kubwa kuliko yote hapa mjini, tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa baharini ukaanguka pamoja na mnara wa saa, na ilikuwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Sisemi yetu iko vile. Lakini tangu siku ile mie nikisikia mtu anataka kugonga nyundo kwenye nyumba ya mawe, naogopa, na nataka na wewe uogope kidogo kabla ya kutuma pesa.

Vyumba unavyovitaka vimo ndani humu humu mwanangu. Lile duka la mbele limefungwa toka mpangaji alipotoka, limejaa makorokoro, mitumba ya magazeti ya babu'ako, vitanda vibovu, cherehani mbili. Na nyuma yake kuna stoo ndefu ambayo ina dirisha limezibwa kwa matofali, ukilizibua unapata mwanga wa ua. Hivyo ni vyumba viwili vya kulala, vina ubaridi mchana wote, wala havitaki zege. Kilichopungua kwenye nyumba hii ni choo na jiko, na hapo ndipo pa kuongeza, kule kona ya ua ambako zamani palikuwa na jiko la kuni. Jenga pale bafu na jiko la chini, dogo, paa la mbao na bati jepesi, na bafu la juu tulihamishe liwe upande ule ule ili mabomba yote yashuke sehemu moja, yasipite tena juu ya boriti za vyumba. Waya za umeme nazo zibadilishwe zote wakati huo huo, zile za zamani zimeshakatika katika na panya.

Ila masharti ni haya. Ua usiufunike. Najua utaona pale kati ni nafasi ya bure, kaka'ako nae kashasema kuweka paa tupate sebule kubwa. Ule ua ndio unaoleta upepo na mwanga vyumba vyote, na ndio unaozikausha kuta za ndani, ukiufunika nyumba inakuwa giza na uvundo kwa miaka michache tu. Na hicho chumba kipya kiwe na msingi wake, kisishikanishwe na ukuta wa zamani kwa nondo, kwa sababu kipya kitashuka kidogo kinapokaa na cha zamani kishakaa zamani, ukiwafunga pamoja mmoja utampasua mwenzake. Acheni nafasi ndogo pale wanapokutana muifunike kwa kitu laini. Na wakichimba karibu na ukuta mkubwa wachimbe vipande vipande, wajaze, ndio waende kipande cha pili, wasiache mtaro mrefu wazi usiku na mvua ikapiga.

Kibali ni lazima. Mji wetu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ipo toka 1985, hakuna kubomoa wala kujenga wala kubadilisha dirisha bila ya wao. Fundi kakwambia kibali kinachelewesha, tufanye usiku usiku. Mimi sitaki hivyo kwenye nyumba hii. Nitakwenda mwenyewe ofisini kwao na michoro, na wao ndio nitawauliza waashi gani wanaijua chokaa, maana wapo, wachache lakini wapo.

Chokaa yenyewe inataka subira. Mawe ya matumbawe yanachomwa kwenye tanuu, yanatiwa maji, halafu ile chokaa inarowekwa wiki na wiki, ikikaa zaidi ndio inavyozidi kuwa nzuri, ndio ichanganywe na mchanga, kiasi sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa pwani kwa sababu ya chumvi. Inapigwa kwa mikono mitatu ya wembamba, yaani tabaka tatu, mkono mmoja ukikauka ndio unapiga wa pili, na lazima inyunyizwe maji na ifunikwe magunia isikaukie juani ikapasuka. Kwa hiyo hesabu ya Desemba haiwezi kutimia kwa nyumba nzima. Sasa hivi tuko kipupwe, bati na gata liishe kabla ya vuli ya Oktoba, boriti za bafu zifuate, na chumba cha duka nitakisafisha kipakwe chokaa mlale hicho. Lipu ya nje ingoje mpaka masika ya mwakani yapite. Na ile ya zamani iliyoshika isikwanguliwe, mwashi aigonge, inayolia kama tupu ndio itoke, iliyoshika ibaki.

La mwisho ni zito kidogo. Nyumba bado imeandikwa jina la babu'ako. Mirathi haijagawiwa. Shangazi zako wawili wana haki yao, watoto wa ami yako wana haki yao, na mie nina thumni yangu, yaani sehemu moja ya nane, katika fungu la marehemu baba'ako. Ukitia pesa leo kimya kimya, kesho ukisema nyumba nimeijenga mimi, utagombana na shangazi'ako mkubwa aliekulea, na yeye atakuwa na haki. Kabla ya tofali moja nataka tukae wote, waliopo mbali wawe kwenye simu, ikubaliwe na iandikwe: hii pesa yako ni zawadi kwa wote, au ni deni litakalokatwa siku ya kugawana, au wanakuuzia mafungu yao na kwa bei gani. Twende kwa Kadhi ikaandikwe vizuri na mashahidi. Mimi naona deni ni bora kwako kwa sasa, kwa sababu shangazi mdogo hayuko tayari kuuza na sitaki asukumwe. Lakini uamuzi ni wako na wao.

Basi fanya hivi. Mwambie huyo fundi kwa adabu kwamba mama anashughulikia, usimpe sababu nyengine. Mimi wiki hii nitamtafuta mwashi wa chokaa na seremala wazikague boriti, bei zao nitakutumia picha kila karatasi. Na shangazi'ako mkubwa mpigie wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa, usinitume mimi, akilisikia kutoka kwako litakuwa jepesi. Akikubali kikao nijulishe niwaite wengine Jumapili baada ya laasiri.

Nisalimie mkeo na wajukuu zangu.

Mama'ako