Ndege imefutwa, na ninyi mko watano

Dubai naijua kwa miguu. Nimefuata mzigo Deira miaka saba, na Naif naweza kutembea macho yamefungwa. Safari zote hizo nilikwenda peke yangu, na mtu aliye peke yake hakwami, anasubiri tu. Kukwama nilikujua Aprili 2024, nilipokwenda na baba watoto, wanangu wawili, wa miaka tisa na wa miaka minne, pamoja na mama mkwe, tule Idi huko na mimi nichukue vitu vyangu viwili vitatu.

Tulikuwa turudi Dar usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 17. Jumanne ikanyesha mvua ambayo Falme za Kiarabu hazijawahi kuiandika tangu zianze kupima mwaka 1949. Kituo kimoja kule Al Ain kilipata milimita 254.8 kwa muda usiofika saa 24. Hiyo kwetu ni takribani mvua ya Aprili nzima Dar, na sisi tuna mitaro, hata kama imejaa chupa. Teksi mbili zilitukatalia, ya tatu ikatufikisha uwanjani baada ya karibu saa tatu, njia ambayo siku zote naimaliza kwa robo saa. Siku zile mbili zilifutwa ndege zaidi ya 1,200.

Sisi tulikuwa tumeshapokewa mabegi na kugongewa mhuri wa kutoka. Ubao ukaandika imechelewa, ukaandika tena imechelewa, alfajiri ukaandika imefutwa. Hapo huna mabegi, na kurudi mjini si suala la kugeuza tu miguu: viza yetu ilikuwa ya kuingia mara moja na tulishahesabiwa kuwa tumeondoka. Tukabaki ndani. Mama mkwe akatandika kanga kando ya nguzo, akavua ndala akaziweka chini ya kichwa, eti asije akaamka peku. Kanga mbili kwenye mkoba wa mkononi, tafadhali. Moja ya kulalia, moja ya kujifunika ule ubaridi wa viyoyozi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Alhamisi mchana, baada ya foleni ya saa sita hivi, nilifika kaunta. Dada wa pale, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia, "Nina nafasi mbili za leo usiku. Mbili tu." Nikamjibu bila hata kufikiri, "Sisi tuko watano." Akaitikia kwa kichwa, akaandika, akanipa nafasi tano za Jumapili. Wale wawili wa nyuma yangu wakaondoka usiku uleule.

Nilijiona nimeitetea familia. Kumbe mama mkwe alikuwa amemaliza dawa za presha alizokuwa nazo mkononi, na mwanawe angeweza kuondoka naye usiku ule, mimi nikabaki na watoto. Hilo hatukuwa tumelizungumza, na kaunta si mahali pa kuanza kulizungumza, watu mia wakikupumulia kisogoni. Mzungumze kabla hamjafika pale: zikipatikana mbili anaondoka nani, zikipatikana tatu anaongezwa nani. Mtoto asibaki bila mtu mzima, na mgonjwa aende kwanza na wa kumshika mkono.

Mjue pia jinsi tiketi inavyofanya kazi. Mkikatiwa pamoja, watano mnakaa kwenye namba moja ya bukingi, na mashine inawatafutia viti vitano kwenye ndege moja. Siku ambazo kila ndege imejaa, viti vitano havipo. Mtu wa kaunta au wakala anaweza kuigawa namba hiyo iwe mbili, lakini mara nyingi hafanyi mpaka umwombe. Akishaigawa, usiondoke pale hadi uone majina ya kila kundi na tarehe yake. Na pasipoti zigawanywe palepale. Mimi nilikuwa nazo zote tano kwenye mkoba wangu, kama bibi wa enzi za mkoloni na funguo za stoo.

Kuhusu dawa sina maneno mengi. Zilizobaki zilikuwa kwenye begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa mahali Mungu anapajua. Daktari wa pale uwanjani akauliza anatumia dawa gani. Mama akajibu, "Kile cheupe kidogo, cha asubuhi." Wifi yangu alikwenda hadi chumbani kwa mama kule Tabata, akakuta boksi tupu kwenye droo, akatutumia picha: amlodipini, miligramu tano. Ikaandikwa, ikanunuliwa. Picha ya boksi la kila dawa sasa ninayo kwenye simu.

Aliyetutoa si mtu wa kaunta. Ni wakala wetu wa tiketi Kariakoo, kijana ambaye ofisi yake ina feni moja. Yeye hakuwa na foleni, na bukingi yetu alikuwa anaiona kwenye kompyuta yake. Kupiga simu za WhatsApp Dubai haiwezekani, lakini ujumbe wa sauti unakwenda, basi tukawa tunarushiana sauti tu. Ijumaa asubuhi akapata viti vitano vya usiku, kwa kupitia mji mwingine. Kwa hiyo mmoja akae foleni, na mwingine amtafute wakala au ofisi ya shirika nyumbani, ambako hakujanyesha. (Ingawa mwezi uleule Rufiji ilikuwa imefurika. Tulikuwa tunapeana pole pande zote mbili.)

Mabegi yalifika siku ya kumi na moja. Begi likichelewa, malalamiko ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea, kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege. Niliandika, nikaambatanisha risiti za nguo za watoto, tukalipwa sehemu. Wanaoanzia safari Ulaya wana nafuu zaidi: sheria yao ya 2004 inalidai shirika chakula na hoteli hata kama kosa ni la hali ya hewa, na mwaka 2013 mahakama yao ilisema hivyohivyo kuhusu majivu ya volkano ya Iceland. Kwingine soma masharti ya tiketi yako, na risiti tunza hata ya maji.

Watoto? Mkubwa nilimpa kazi ya kuangalia ubao kila nusu saa na kuniletea habari. Alijisikia askari. Mdogo alilala kuliko sisi wote.

Siku hizi tukikata tiketi tunapanga makundi hukuhuku sebuleni. Mara ya mwisho mama mkwe hakungoja apangiwe. Alisema yeye na mwanawe wapewe huyu mdogo, mkubwa abaki na mama yake, maana maswali yake hayaishi.