Neva Imejibu, Lakini Wewe Umeulizwa?

Msomaji mmoja ameniandikia. Kapandikizwa kifaa cha koklea, yaani kifaa cha kusikia kinachofikisha umeme kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani; kipimo cha neva kimetoka "kizuri sana", na bado sauti za watu zinamjia zikikwaruza kama redio isiyoshika stesheni. Alipolalamika akajibiwa kwamba neva inafanya kazi, tatizo ni yeye hajazoea.

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo, na mpaka leo yananiuma.

Basi tujue kipimo hicho kinapima nini. Kifaa hutuma mpigo mfupi wa umeme kwenye elektrodi moja, yaani moja ya ncha ndogo za umeme zilizo ndani ya koklea, kisha elektrodi ya jirani hunasa jibu la neva ya kusikia. Kwenye skrini hutokea bonde dogo, halafu kilima, na yote huisha kabla ya milisekunde 1 kutimia. Kimo kutoka bondeni hadi kileleni huhesabiwa kwa mikrovolti, na kadiri umeme unavyoongezwa ndivyo kinavyokua. Huhitaji kutamka neno: hata mtoto aliyelala, hata mgonjwa aliye bado kwenye nusukaputi, hupimika. Ni sifa kubwa hiyo, na ndiyo inayowafanya wengine wasahau kutuuliza.

Kinachojibu pale ni nyuzi za neva zilizo karibu na elektrodi, zinapofyatuka kwa pamoja. Sauti kupata maana ni kazi ya ubongo. Tena mipigo ya kipimo huenda polepole, mara nyingi kama 80 kwa sekunde, ilhali kifaa ukikivaa kutwa kila elektrodi hutuma mamia, pengine 900 au zaidi. Kwa hiyo kiwango cha umeme ambacho jibu la neva huanza kuonekana kwenye grafu si lazima kiwe mwanzo wa kusikia kwako, wala ukomo wa unachostahimili. Kwa wengi huangukia katikati, lakini watu hutofautiana mno.

Mimi elektrodi zangu za katikati zilikuwa na grafu safi kabisa. Kila umeme wake ulipopandishwa kufuata grafu hiyo, kope la jicho lilianza kuchezacheza. Umeme ulikuwa unafika kwenye neva ya uso, ambayo hupita jirani na koklea. Nilisema, nikapuuzwa. Nikasema tena. Mwisho nikaenda kwa mtaalamu mwingine, naye akapandisha elektrodi moja moja huku macho yake yako usoni kwangu, si kwenye kompyuta. Nyingine alizishusha, mbili akazizima. Leo naongea kwa simu na watu ambao midomo yao siioni, na najivunia hilo waziwazi.

Ndugu yangu, sema. Mazoea yanahitajika, ni kweli, ubongo hujifunza kwa miezi. Lakini mazoea hayawezi kuwa jibu la kila lalamiko. Omba elektrodi zipigwe moja baada ya nyingine, useme ipi inazidi ukali, ipi hafifu, ipi inachoma. Andika nyumbani sauti zinazokusumbua, uende nazo. Ukikatizwa, sema tena. Usione haya.

Na wewe mzazi ambaye mtoto wako bado hawezi kujieleza, grafu ni mwanzo mzuri wa kumwekea viwango, ila macho yako yanahitajika pia. Akishtuka, akipepesa jicho la upande wenye kifaa, akikivua kifaa kila kelele inapozidi, mwambie mtaalamu siku hiyo hiyo.