Pweza wa 15,000: nilivyoacha kurudi safari na picha za ukungu

Pweza ninayemsema hapa haliwi, ni tripodi ndogo, yaani stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia simu. Ila ngoja nianze na aibu kwanza. Mara ya kwanza naenda Zanzibar nilikuwa na simu mpya, nimeinunua kwa mbwembwe zote eti kamera kali, usiku wa kwanza tu nikashuka Forodhani, unajua pale jua likishazama moshi wa mishkaki unavyopanda, taa za wauza urojo na pizza, watoto wanamalizia kujirusha baharini, watu kibao. Nikapiga picha kama 60 hivi. Narudi chumbani, naoga, nalala kitandani nizifungue kwa raha zangu... hakuna hata moja. Muuza miwa ana masikio manne. Taa zote zimekuwa mikia. Nikailaumu simu, nikamlaumu na aliyeniuzia, kumbe shida nilikuwa mimi.

Mchana wa jua kali simu inafungua na kufunga jicho lake haraka sana, 1/1000 ya sekunde huko, hata ukiwa umetoka kukimbia mkono hauna muda wa kuharibu kitu. Giza likiingia inabidi ifungue muda mrefu ikusanye mwanga, 1/10 ya sekunde, na ukiweka modi ya usiku inaenda sekunde 2 au 3 inapiga picha nyingi nyingi halafu inazishona pamoja. Sasa jaribu kusimama sekunde 3 mkono umenyooka usitikisike. Unapumua, moyo unapiga, kuna mtu kakupiga kumbo na sahani ya chipsi. Wazee wa kamera wana kipimo chao, lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/50 kwa mkono mtupu, na ingawa simu na lenzi za siku hizi zina kitu cha ndani cha kupunguza mtikisiko ambacho kinakuongezea nafasi kidogo, sekunde 3 bado ni sekunde 3.

Niliporudi Dar nikapita Kariakoo nikanunua ile tripodi ndogo ya miguu inayokunjika, wengine wanaiita stendi ya pweza, elfu 15. Urefu wa kiganja na vidole hivi, inaingia mfuko wa pembeni wa begi. Wazo lenyewe si jipya, Joby walitoa GorillaPod yao mwaka 2006 na dunia nzima ikaiga, ndo maana sasa zimejaa kila duka la kava za simu. Ila usinunue kwa macho. Zile za sponji za rangi rangi ndani zina waya tu, na waya ukiukunja ukiukunjua mara nyingi sehemu ile ile unakatika, mimi wa kwanza ulikaa miezi minne. Zile za vifundo, yaani mipira midogo iliyopachikana, ni bora zaidi lakini nazo kuna za kweli na kuna za kupigwa. Dukani fanya hivi, weka simu yako mwenyewe na kava lake juu, nyoosha miguu miwili iende mbele uilaze kidogo, halafu piga stori na muuzaji dakika moja. Ukigeuka ukakuta simu imeinamisha kichwa kama inasali, irudishe. Na kile kishikio cha simu ndo cha kuangalia kuliko hata miguu, cha skrubu unachokaza mwenyewe kinashinda cha springi. Springi inalegea, na kinachoanguka ni simu yako sio miguu.

Kama una kamera yenyewe usiipandishe kwenye ya elfu 15, nakuomba. Kamera ndogo ya kawaida na lenzi yake inakaribia gramu 700 wakati simu ni kama 200 tu. GorillaPod zinaandikwa kabisa, 1K ni ya kilo 1, 3K ya kilo 3, na hata hapo chukua inayobeba zaidi ya ulichonacho kwa sababu lenzi inavuta mbele.

Haya, nikarudi Forodhani safari nyingine, pweza begini. Nikamkalisha juu ya ukingo wa ukuta, mguu mmoja nimeuleta mbele chini ya lenzi asije akapiga mweleka, nikabonyeza. Ukungu! Nikabonyeza tena, ukungu. Nilitamani kulia mazee. Nimetumia hela, nimesafiri na hiki kidude, bado? Ikabidi nikae chini nifikirie, nikagundua kidole changu. Ukigusa kioo pweza anayumba kama kichwa cha yule mwanasesere wa kwenye dashibodi za daladala, na simu inaanza kupiga hapo hapo wakati bado anayumba. Weka taima. Sekunde 3 inatosha, kwa kamera hata 2, unabonyeza unatoa mkono, anatulia, ndo inapiga. Au rimoti ndogo, au kitufe cha sauti cha hedifoni za waya kama simu yako bado ina tundu. Tangu siku hiyo sijawahi kubonyeza kwa kidole picha ya usiku.

Halafu kuna kitu simu inafanya yenyewe wengi hawakijui, iPhone zenye modi ya usiku zikihisi zimetulia kabisa zinakuongezea muda mpaka sekunde 30, ambazo mkononi huzioni. Kwenye kamera kinyume chake, ule mfumo wa kuzuia mtikisiko uzime ukiweka kwenye miguu, hasa lenzi za zamani, maana unatafuta mtikisiko ambao haupo na wenyewe ndo unauleta.

Ila pweza anatuliza simu, hatulizi watu. Ukuta wa Ngome Kongwe ulitoka mkali kama umechorwa, watu wote mbele wakawa moshi. Nikaipenda hiyo lakini nilitaka pia sura, kwahiyo nikamfuata kijana mmoja kwenye jiko lake nikamwambia kaka naomba ukae hivo hivo sekunde mbili tu. Akanijibu, "Haya kaka, lakini mishikaki ikiungua utainunua wewe." Alisimama kama sanamu, cheche zinaruka pembeni yake, na hiyo ndo picha yangu ninayoipenda kuliko zote za safari ile. Mishkaki nilinunua pia, ilikuwa haki yake.

Sasa sikiliza kosa la tatu manake hili sijaona mtu analisema. Kwenye boti ya kurudi Dar nikajifanya mjanja, nikamzungushia pweza kwenye bomba la pembeni nipige mji unavyobaki nyuma, jua linashuka, nimekaza mpaka vifundo vinalia, taima nimeweka. Picha zote mbovu kuliko za mkono! Injini ile inatetemesha chuma chote, na wewe umeifunga simu kwenye chuma hicho hicho, mtetemo unapanda kwenye miguu moja kwa moja mpaka kwenye lenzi. Mwili wako una nyama na magoti, unameza mtetemo mwingi kabla haujafika mkononi. Kwahiyo kwenye boti, basi, hata treni ya SGR ya Dodoma, mfungue pweza, shika simu kwa mikono miwili viwiko vimebana mbavuni, usiegemee dirisha. Daraja la kamba au la mbao hivo hivo, subiri wapite watu ndo upige. Siku hizi kabla sijafunga mahali naweka kiganja kwanza, kama nasikia kitu kinatetemeka naachana napo.

Shule kubwa ya kufunga lakini niliipata nyumbani, Uru kule Moshi, Krismasi. Sisi kila mwaka tunapiga picha ya ukoo na kila mwaka kuna mtu mmoja hayupo, yule aliyeshika simu, na kwa miaka sita mfululizo huyo mtu ni mimi. Ukiangalia albamu utadhani nilifukuzwa. Mwaka ule nikatangaza mapema kwamba safari hii nipo. Nikaanza na mgomba kwa sababu ulikuwa karibu, na kwa macho unaonekana mnene wa maana, lakini mgomba ni laini na unateleza, mpira wa miguu haupati pa kung'ang'ania, alikuwa anashuka taratibu kama kinyonga. Geti la bati likawa linapigwa na upepo. Mwisho nikapata tawi la mbuni, nene kama dole gumba mara mbili, lina mikwaruzo, hapo akashika. Ufungaji wenyewe ni hivi, miguu miwili zungusha mzunguko mzima mmoja kila mmoja na uelekee upande wake, usiizungushe yote kwenda upande mmoja itafunguka pamoja, ule wa tatu usiufunge, ukandamize kwenye tawi lingine au kwenye shina uwe kama gongo. Kitu kikiwa kinene kuliko mkono wako miguu haifiki, hapo bora umkalishe juu ya kiti. Na kabla hujaondoka vuta simu chini kidogo kwa kidole. Ikishuka, hujafunga.

Bibi alikuwa ananiangalia muda wote huo. Akasema, "Mjukuu wangu, sasa huyo buibui ndo anatupiga picha?" Nikamwambia ndiyo bibi, wewe angalia pale. "Na akiangusha?" Bibi ushindwe! Lakini alikuwa na pointi, nikatoa kamba ya shingoni ya kitambulisho changu cha kazi nikaifunga kwenye kava na kwenye tawi, na mpaka leo hiyo kamba haitoki begini. Taima sekunde 10, na ukiweza chagua ipige kadhaa mfululizo, kwenye watu 23 lazima kuna aliyefumba macho.

Kesho yake tukapanda na wadogo zangu kwenda maporomoko ya Materuni, si mbali na nyumbani. Nilitaka yale maji ya kama hariri mnayoyaona mtandaoni. Ni sekunde nusu mpaka moja tu, basi, kwa modi ya Pro, ile ya kupanga mwenyewe, kwenye simu zenye nayo, ISO (kiasi kamera inavyohisi mwanga) iteremshe ya chini kabisa, kwenye iPhone unapiga ile ya Live halafu unaigeuza baadaye iwe Long Exposure, inajitahidi. Tatizo tulifika saa saba mchana, jua limeingia bondeni, mwanga mwingi mpaka nikiweka nusu sekunde picha inakuwa nyeupe kama karatasi. Wenye kamera wanafunga kioo cheusi mbele ya lenzi. Mimi nikachukua miwani ya jua ya mdogo wangu nikaishikilia mbele ya simu bila kuigusa, rangi ikavutika kidogo kuelekea kahawia lakini maji yakalainika kweli. Bora uende asubuhi kabla jua halijashuka bondeni, au siku ya mawingu. Na kule mawe yana ukoga na mvuke wa maji unalowesha kila kitu, mpira uliolowa hauna mshiko, futa miguu na futa lenzi kila baada ya picha mbili tatu. Pale simu yangu iliinama polepole ikajilaza kwenye matope, sio miguu iliyoachia, skrubu ya kishikio ndo ilikuwa imejifungua robo duru bila mimi kuona. Kamba ya ofisi ikaokoa isiende majini.

Nyota nitazisema kwa kifupi maana ni habari ndefu. Lushoto mwezi wa saba, usiku hauna mbalamwezi, baridi kali, hapo pweza anafanya kitu mkono hauwezi kabisa. Kwa kamera, kujua uiache wazi muda gani chukua 500 gawa kwa milimita za lenzi, ya 24 inakupa kama sekunde 20, ukizidisha nyota zinaanza kuwa vistari kwa sababu dunia inazunguka. Simu za Pixel zenyewe zina modi ya nyota, ukiziacha zimetulia zinaenda mpaka dakika 4. Mweke chini kwenye jiwe, mfupi kabisa, miguu umeitandaza, upepo wa milimani ukija kaa upande unakotokea umkinge kwa mwili.

Na hii ya mjini. Usimkalishe pweza na simu ya laki nane halafu utembee mita kumi ukapozi kwenye beach yenye watu, sitaki kusema zaidi, mwambie rafiki asimame karibu yake. Walinzi nao, kuna sehemu moja niliwahi kwenda na tripodi kubwa ya rafiki yangu tukaulizwa kibali kabla hata hatujaifungua, pweza kwenye sehemu hiyo hiyo hakuulizwa chochote, wakamchekea tu. Hiyo haimaanishi umfunge karibu na bandari au kambi za jeshi, huko hata simu ya mkononi iache mfukoni.

Ukitoka baharini msuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na umkaushe, mchanga ukiingia kwenye vifundo unavisaga na vikishalegea havikazi tena. Wangu mguu mmoja umeshachomoka mpira wa mwisho, upo mahali fulani Kigamboni, natumia hivo hivo na kipande cha kandambili nimekibandika.

Ile picha ya Krismasi bibi aliisafishisha kubwa, ipo sebuleni Uru juu ya redio. Kati ya zile kumi zilizopigwa alichagua moja mwenyewe, ile aliyotoka yeye vizuri. Mimi nipo, safu ya nyuma, nimefumba macho. Nimemuomba mara mbili tubadilishe, hataki.